Mgunga, muwati, mwembe au vifuu: mkaa upi wa kuchomea nyama

Kila muuza mkaa atakwambia wake ni wa mti mgumu. Mti una umuhimu wake, lakini mchomaji anayejua kazi huuliza kwanza kama mkaa umeiva. Mgunga uliofukuliwa tanurini kabla ya wakati utakusumbua kuliko mwembe ulioiva, maana ndani yake bado kuna kuni: moshi mzito unawasha macho, mafuta ya nyama yanashika masizi, na mteja analalamika kwamba mishikaki ni michungu.

Kuiva hakuhitaji kiberiti ili kujulikana. Gonganisha vipande viwili vya ukubwa wa ngumi. Ulioiva unalia kama kigae. Mbichi hutoa sauti butu. Kisha vunja kimoja. Ndani pawe peusi panapong'aa, na mistari ya mti ionekane bado. Ukikuta ukahawia katikati, au kipande ni kizito kuliko ukubwa wake, acha. Ulioungua kupita kiasi nao ni hasara, kwani unapondeka kwa vidole, na hadi gunia lifike nyumbani sehemu kubwa ni chenga.

Sasa aina zenyewe.

Mgunga ndio tunaoupa nafasi ya kwanza kwa mbavu za mbuzi, paja zima na kuku wa kufunguliwa kifua. Unachelewa kushika, lakini ukishakolea moto wake hautetereki na majivu ni machache. Sifa hiyo ndiyo iliyoufanya mkaa wa migunga ya Somalia utafutwe sana nchi za Ghuba, mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku usafirishaji wake Februari 2012. Huku kwetu pia migunga ya porini haikatwi bila gharama, kwa hiyo uliza mkaa umetoka wapi na kama mzigo una kibali.

Muwati unaopandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya unaufuata mgunga kwa karibu, na kwa mkaa wa kutumia kila wiki tungechukua huu. Ni mti wa shambani, unapandwa ukavunwa. Vipande vyake vingi ni vya matawi ya mviringo, unene wa mkono wa mtoto, na vinapangika vizuri jikoni. Kasoro yake ni magome: yakibaki mengi yanarusha cheche, basi yakung'ute kwanza.

Mwembe ni mwepesi. Unashika haraka, unawaka vizuri, halafu unakuacha katikati ya kazi. Kwa mishikaki ya dakika kumi unatosha kabisa, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Kwa paja la mbuzi utaongeza mkaa mara mbili au tatu, na kila ukiongeza joto linashuka.

Mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri kuliko watu wa bara wanavyoudhani: moto mkali, majivu kidogo, harufu karibu hakuna. Lakini vifuu vitupu ni vyembamba, havidumu. Vichanganye na mkaa mgumu, sehemu moja kwa tatu, vikuwashie jiko.

Mkaa mbadala, ule wa kubanwa kwa chenga na uji wa wanga wa muhogo, usiutarajie kubabua nyama. Joto lake ni la wastani na majivu ni mengi, hasa ukitiwa udongo. Ubora wake ni kwamba vipande vinalingana na vinaungua taratibu, kwa hiyo kwenye kazi ya moshi ya saa nyingi unashinda mwembe.

Kuhusu mpingo, moto wake ni mkali kweli, ila kuuchoma huku wachongaji wanautafuta ni ufujaji tu.

Kwenye kununua, gunia halina kilo maalumu. Lumbesa iliyofumwa juu kwa kamba inaweza kuwa imepangwa vipande vikubwa pembeni na chenga katikati, basi ingiza mkono hadi ndani au omba ifunguliwe. Wengine hunyunyizia maji. Pima kilo moja nyumbani, anika juani siku nzima, pima tena: ikipungua zaidi ya gramu 100, ulinunua maji. Mkaa wenye maji unapasuka na kurusha vipande kwenye nyama. Udongo wa tanuri nao huingia guniani. Choma gramu 500 peke yake hadi ziishe, pima majivu. Gramu 10 hadi 25 ni sawa. Yakifika 50, umeuziwa udongo au magome mengi.

Chekecha kabla ya kuwasha. Chenga zikiingia jikoni zinaziba nafasi za hewa kati ya vipande, moto unafifia, na mchomaji anaanza kupepea hadi majivu yanaruka kwenye nyama. Lawama zinamwendea mkaa bure. Chenga weka kando, wapo wanaozinunua kwa ajili ya mkaa mbadala.

Kwa kilo mbili za nyama, kilo moja hadi moja na nusu ya mkaa mgumu inatosha. Washa kwa vijiti vikavu au kifuu. Mafuta ya taa na plastiki viache, harufu yake haiondoki kwa limau wala pilipili. Subiri dakika 20 hadi 30, vipande vivae majivu ya kijivu. Weka kiganja usawa wa wavu: ukivumilia sekunde mbili au tatu, hapo ni mishikaki, tano, ni kuku na mbavu. Sukuma makaa upande mmoja ili upande wa pili uwe kimbilio mafuta yakiwasha miali.

Kukausha samaki kwa moshi ni habari nyingine. Mkaa kazi yake ni joto. Moshi wenye ladha unatoka kwenye vipande vya mpera au mwembe mkavu, unene wa dole gumba, viwili vitatu kwa wakati. Usivilowanishe, vitafuka mvuke tu hadi vikauke. Maganda ya korosho usiyaguse, mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha. Shikilia nyuzi 70 hadi 80 ukitumia mkaa mgumu au mbadala, na wa kuongeza uwashie kwenye jiko la pembeni, uuhamishe ukiwa umeshavaa majivu. Mkaa wa baridi ukiutupia juu ya moto unaanza kwa kutoa moshi mchafu, na sato wako watalala humo humo.

Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe lenye mfuniko unaobana, hapo nje, yakose hewa yazime. Ukiyamwagia maji yatapasuka na kesho yatagoma kuwaka. Jiko lenye makaa usiliingize ndani hata kama halitoi moshi, gesi yake inaua bila harufu.