Programu za kufuatilia mtandao wa watu: ipi ununue, ipi uchukue bure

Niliwahi kulipia leseni ya mwaka mzima ya programu inayochora mitandao kwa rangi za kupendeza. Mkuu wa mradi akauliza, “Haya, kundi hili limebadilika lini?” Nikabaki nageuza picha huku na huku. Picha haipigi kengele, ndiyo maana hapa napanga kwa kengele tu.

Ya kwanza ni R, lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu za takwimu, pamoja na vifurushi viwili: igraph na qcc. Zote bure. igraph inapima mtandao wa kila wiki, nani anamwandikia nani na nani yuko katikati. Qcc inaviweka vipimo hivyo kwenye chati ya udhibiti, yaani mchoro wenye mpaka ambao kipimo kikiuvuka kengele inalia, ile aliyobuni Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya simu. Mimi hutumia zaidi CUSUM, ya E. S. Page wa mwaka 1954, kwa kuwa inalimbikiza mabadiliko madogo madogo. Tuseme kundi lina wastani wa jumbe 40 kwa wiki, na kupanda na kushuka kwake kwa kawaida ni 5. Wiki nne zikaja na 47, 50, 45, 50. Toa 40, gawa kwa 5, punguza 0.5 ya kuvumilia mabadiliko ya kawaida, jumlisha na salio la wiki iliyopita: 0.9, 2.4, 2.9, 4.4. Mpaka ukiwa 4, kengele inalia wiki ya nne. Chati ya Shewhart, inayosubiri wiki moja ivuke 55 (40 na mara tatu ya 5), ingekaa kimya. Usipojua kuandika msimbo, lakini, R itakutoa jasho.

Ofisi yenye bajeti na isiyo na mtu wa R inunue ORA, iliyotoka kwa Kathleen Carley wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ugunduzi wa mabadiliko umo humohumo. UCINET ya tatu: vipimo safi, ila ni ya Windows na chati utaitafuta kwingine. Gephi ya mwisho, japo kwa kuchora naipenda.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aingize barua pepe za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, zilizowekwa hadharani baada ya uchunguzi wa serikali ya Marekani. Jeffrey Skilling, mkurugenzi mkuu, alijiuzulu Agosti 2001. Desemba kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Miezi ya mwanzo ya mwaka huo ihesabiwe kuwa ya kawaida, kisha muulize kengele inalia wiki gani. Akianza kukuonyesha rangi, chukua mkoba wako.