Kitabu cha Jenerali China: kinunue, lakini usikisome peke yake

"Mau Mau" General cha Waruhiu Itote kilitolewa Nairobi mwaka 1967 na East African Publishing House. Mtu mmoja anapita vita viwili humo: vya pili vya dunia huko Burma (Myanmar ya leo) akiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza; na vya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, katika msitu wa Mlima Kenya akiitwa Jenerali China. Kumbukumbu za wapiganaji wa msituni zipo kadhaa, na nyingine zimeandikwa vizuri kuliko hii. Thamani ya Itote ni kwamba unaiona njia nzima, tangu askari aliyevaa sare ya Mfalme hadi mtu ambaye serikali ile ile ya Kiingereza inamhukumu kunyongwa.

Usikimbilie sura za msituni. Soma kwanza Burma, tena polepole. Itote, mzaliwa wa Nyeri, alijiunga na Keya mwaka 1942. Anaeleza jinsi weupe na weusi walivyokunywa chai ileile mstari wa mbele, wakatumia maji na vyoo vilevile, na matusi ya rangi hayakusikika. Jioni moja katika mahandaki ya Kalewa, mji wa Burma, askari Mwingereza anamuuliza: nyinyi Waafrika mko huku mnapigania nini? Itote anajibu alivyofundishwa, kwamba anapigania kile kile anachopigania Mwingereza huyo. Baadaye, akiwa Calcutta, askari mweusi wa Kimarekani anamsimulia habari za Haiti na watumwa waliojikomboa kwa silaha. Hakuna mkutano wa hadhara hapo wala hotuba ya mwanasiasa. Ni maongezi ya watu waliochoka, lakini swali la yule Mwingereza halimtoki tena kichwani, na sehemu yote inayofuata ya kitabu inalijibu.

Hapo hapo ndipo penseli inapohitajika. Itote anaiweka Kalewa katika mwaka 1943. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Keya, ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka huo. Iliingia Bonde la Kabaw, huko Burma, Agosti 1944, katikati ya mvua za monsuni, matope na malaria, na Kalewa ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba 1944.  Mwandishi aliyekumbuka baada ya miaka zaidi ya 20 ameshika mahali na maneno, kalenda ikamponyoka. Ushahidi wake haufi kwa sababu hiyo, ila mwanafunzi atakayenukuu "Kalewa, 1943" bila kuhakiki atakuwa amelihamishia kosa kwenye tasnifu yake. Tarehe zote za Burma humu zichukue kama makadirio.

Sura za kurudi nyumbani ndizo zinazopitwa haraka na wasomaji wengi, na ni hasara. Askari wazungu waliomaliza vita walikuwa na mpango wa serikali wa kuwapatia mashamba kwenye nyanda za juu. Mwafrika aliyepigana vita hivyo hivyo alirudi kwenye kipande, kitambulisho cha lazima cha kikoloni, na kodi. Itote akawa mchochea makaa wa treni, akaingia KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, akawa karibu na Anake a 40, kundi la vijana wa Nairobi, akala kiapo. Angalia mwezi alioingia msituni: Agosti 1952. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba. Tofauti hiyo ya miezi miwili inapinga maelezo ya shuleni kwamba watu waliingia msituni baada ya kufukuzwa na operesheni za serikali tu.

Kuhusu mapigano yenyewe, msomaji anayetafuta milio ya risasi kila ukurasa atavunjika moyo. Kazi kubwa ni ya mpangilio: kugawa maeneo, kuweka nidhamu, kupitisha ujumbe na chakula kutoka vijijini. Silaha zilikuwa haba, na bunduki za kujitengenezea za bomba la maji, komeo la mlango na kanda za tyubu ziliweza kumpasukia mwenyewe usoni. Mafunzo ya Burma yalifaa kwa doria na uvamizi wa kushtukiza. Lakini na waliokuwa wakimsaka walitoka Keya, nao walifunzwa hayo hayo.

Udhaifu wa kitabu uko mwaka 1954. Itote alikamatwa Januari akiwa na jeraha la risasi shingoni, akahojiwa na Ian Henderson, afisa wa polisi wa kikoloni, kwa saa 68, akashtakiwa Nyeri. Moja ya mashtaka lilikuwa kukutwa na risasi mbili. Mbili tu, na hukumu ikawa kifo. Tarehe 4 Machi adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo, naye akawa kiungo cha mazungumzo ya kuwashawishi wenzake wajisalimishe, mazungumzo yaliyovunjika Aprili kwa damu. Msomaji anataka kujua alisema nini katika saa zile 68 na kwa nini. Kitabu kinapita juu juu. Kumbuka kilitoka lini: Kenyatta ni rais, Itote ana cheo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau bado iko kwenye sheria; iliondolewa mwaka 2003 tu.

Dawa yake ni toleo la 2015 lililohaririwa na Myles Osborne, The Life and Times of General China, ambalo limeweka kumbukumbu za Itote pamoja na hati za mahojiano na kesi. Fungua zote mbili mezani. Ila usidhani faili hilo la mahojiano ni ukweli mtupu: limeandikwa kwa lugha ya polisi, na anayejibu ni majeruhi anayekiona kitanzi. Idadi ya wapiganaji inayotajwa humo ihakiki kwingine kabla ya kuitumia.

Kwa sura za gereza la Lokitaung, ambako Kenyatta alimfundisha Kiingereza, ongeza Roots of Freedom cha Bildad Kaggia cha 1975. Kaggia naye alikuwa askari wa vita vya pili, alifungwa huko huko, na hakukaa upande mmoja na Kenyatta. Itote anamwandika Kenyatta kama mwana anavyomwandika baba; ukisoma Kaggia ndipo utajua wafungwa wale hawakuwa kitu kimoja.

Kiingereza cha Itote ni chepesi, kidato cha tatu anakimudu. Ukinunua toleo la 1967 kwa wauza vitabu vya mitumba, kagua mgongo: gundi ya zamani hukauka na kurasa huchomoka. Hesabu namba za kurasa mfululizo kabla ya kulipa, hasa za mwisho.