Kozi ya video ya faro: waliniambia siku 7, imenichukua wiki 11

Kozi hii inanadiwa kuwa ya siku 7. Mimi imenichukua wiki 11, na mpaka leo viganja vikitoa jasho naharibu. Hata hivyo nawapa nyota 4 kati ya 5, kwa sababu ya somo moja la dakika 9 lililofukiwa katikati ya kozi ambalo nusura niliruke.

Kwa asiyeijua, faro ni namna ya kuchanga karata ambapo unakata pakiti katikati kabisa, 26 huku na 26 kule, halafu unazisukuma nusu hizo ziingiliane moja moja kama meno ya zipu. Karata ya juu ikibaki juu, umepiga faro ya nje. Ikishuka ikawa ya pili, umepiga ya ndani. Ukipatia, machoni mwa watu umechanga vizuri kuliko mtu yeyote, kumbe hujavuruga kitu. Piga faro ya nje mara 8 mfululizo bila kosa, na karata zote 52 zinarudi kila moja mahali pake pa mwanzo.

Hapa kuna jambo ambalo limenichekesha tangu nilisome. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis (huyu Diaconis alianza maisha kama mfanya mazingaombwe) walionyesha kwamba kuchanga kwa kawaida, kule kwa mikono ya watu kama sisi, kunahitaji takribani mara 7 ili pakiti ichanganyike vya kutosha. Mara 7 za hovyo zinachanganya, mara 8 za ustadi hazichanganyi chochote. Kinachochanganya karata ni makosa yetu. Sasa mimi nimelipia kozi ya kuyaondoa.

Masomo ni 14. Mawili ya kwanza yanahusu kushika, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Kamera imewekwa mbele ya mwalimu tu. Mkono wake wa kushoto uko kuliani kwangu, na kidole cha shahada, ambacho ndicho kinachozuia karata zisichomoke mbele, kimefichwa na pakiti yenyewe. Nilitumia siku nne nikikishika mahali pasipo pake. Mwishowe niliiweka simu mbele ya kioo nikawa naitazama video humo ndani, ndipo nikaelewa. Kozi ya mikono isiyo na picha hata moja ya kutokea begani kwa mwalimu ni uzembe, sina neno jingine.

Kukata katikati kumefundishwa vizuri zaidi. Mbinu yao ni kuanza na pakiti mpya ambayo haijaguswa. Katika pakiti nyingi za chapa ya Bicycle, karata hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa ree hadi mfalme kwa aina mbili, kisha mfalme hadi ree kwa aina mbili zilizobaki, kwa hiyo wafalme wawili wanakutana katikati kabisa: wa uru na wa pau. Unakata, unatazama. Ukikuta mfalme mmoja huku na mwenzake kule, umepata 26. Nilifanya hivyo mara mia kwa siku huku nikisikiliza redio, na baada ya wiki mbili jicho lilikuwa limeshazoea unene wa nusu pakiti. Siku hizi nikikosea nakosea kwa karata moja, na hiyo nairekebisha kwa kidole gumba kabla mtu hajaona.

Kuingiliana sasa. Hapa ndipo wengi wanapoachia, na hapa ndipo nilipoharibu pakiti mbili nzima. Nilikuwa nabonyeza. Karata zikikataa, nabonyeza zaidi. Kingo zikapinda, pembe zikachanuka, na karata yenye pembe iliyochanuka haiingii popote tena. Mwalimu anasema tu kwamba ziache ziingie zenyewe, na anaendelea. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayamsaidii asiyejua. Ninavyoelewa mimi sasa: gonga kila nusu mezani mpaka ncha zilingane kabisa, zikutanishe pembe kwa pembe kwa mshazari kidogo, halafu badala ya kusukuma, sugua juu na chini polepole kama unayetafuta tundu la ufunguo gizani. Karata chache za pembeni zikishaumana, nyingine zinafuata. Faro nzuri ina sauti yake, mchirizo mmoja laini. Mbaya inakwama, inasema tak, halafu inaruka, na ukisikia tak hata usihangaike kuangalia.

Jambo moja hawalitaji kabisa, na lingeniokolea mwezi mzima. Karata hukatwa kiwandani kwa makali yanayopita kutoka upande mmoja, hivyo ukingo unabaki na mteremko mdogo sana. Macho hayauoni, karata zinaujua. Pakiti yangu ya tatu ilikuwa ikigoma kila siku, mpaka jioni moja nikaishika kimakosa picha zikiwa juu. Ikaingia yote kwa pumzi moja. Nikadhani ni bahati, nikarudia, ikaingia tena. Kwa hiyo kabla hujajilaumu, igeuze pakiti ujaribu upande wa pili. Niliwaandikia wenye kozi kuwashauri waongeze hilo, nikajibiwa kwamba ujumbe wangu umepokelewa na kwamba nisikate tamaa. Sikuwa nimekata tamaa.

Sasa somo la 8, zile dakika 9. Jina lake linachosha, nadhani ndiyo maana nilikuwa naliruka: ni la kukagua. Kabla yake nilikuwa napiga faro 8, nageuza pakiti, naona vurugu, naanza upya bila kujua nimeharibu ya pili au ya saba. Somo hili linakufundisha kuwa katika faro ya nje kuna karata mbili ambazo kila mara zinabadilishana nafasi, ile ya 18 na ile ya 35. Basi weka ree ya shupaza ya 18 na ree ya kopa ya 35, piga faro moja tu, hesabu kutoka juu. Zikiwa zimebadilishana, songa mbele. Ikiwa ya 18 imekaa sawa lakini ya 35 imehama, kosa limetokea kati ya hapo na hapo, kwa hiyo shida si pembe ya kuanzia bali mkono unalegea njiani. Kwangu ilikuwa hivyo karibu kila mara. Kidole cha pete cha kushoto kilikuwa kinaachia mapema. Hakuna video ambayo ingenionyesha hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Ree mbili ndizo zilizoniambia.

Kutoka siku hiyo nikaacha kuhesabu nimefanya mazoezi saa ngapi, nikawa naandika tu kosa limeangukia wapi. Wiki ya 11, Jumamosi, nikafikisha 8. Niligeuza pakiti mezani nikaitandaza: shupaza, uru, pau, kopa, zote kwenye mstari wake. Nikamwita mdogo wangu aje aone. Akatazama karata, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo umechanga mara nane ili zirudi zilivyokuwa?"

"Ndiyo."

"Kaka, si ungeziacha tu?"

Masomo ya 10 na 11 ni ya hesabu, nayo ni mazuri kuliko nilivyotegemea. Wanaeleza ugunduzi wa Alex Elmsley, mfanya mazingaombwe aliyekuwa pia mtu wa kompyuta: unaweza kuishusha karata ya juu mpaka nafasi yoyote unayotaka. Chukua idadi ya karata unazotaka ziwe juu yake, iandike kwa 0 na 1 kama kompyuta zinavyofanya, halafu 1 ni faro ya ndani na 0 ni ya nje. Nikitaka karata 13 juu yake, 13 ni 1101: ndani, ndani, nje, ndani. Karata inakaa ya 14. Niliijaribu kwa shaka, nikaikuta pale pale.

Masomo matatu ya mwisho ni michezo ya kuonyesha watu, na sikuyapenda. Mmoja unataka faro sita mfululizo huku ukiongea na kutabasamu, jambo ambalo aliyenunua kozi ya wanaoanza hana habari nalo.

Kama mikono yako haijawahi kushika karata kabisa, anza kwanza na kuchanga kwa kawaida mpaka pakiti isikuanguke. Kama unataka mazingaombwe ya kuonyesha wiki ijayo, tafuta kitu kingine. Na usijaribu na karata za plastiki tupu, zinateleza zote kwa mkupuo. Nunua za karatasi zenye vinundu vidogo juu yake, pakiti mbili au tatu, maana ya kwanza utaiua.

Mimi sasa niko kwenye faro za ndani. Hizo zinataka 52 ndipo pakiti irudi, ingawa ukifika ya 26 unaikuta imepinduka, ya mwisho imekuwa ya kwanza. Nimewahi kufika 11.