Plaiwudi ya nje na ya Mafinga: nilizonunua Arusha, nilizochemsha, na bei inavyotukimbia

Naanza na bei maana ndo inayouma. Shiti ya plaiwudi ya nje, yaani iliyotoka nje ya nchi, ya milimita 18, ile ya kawaida yenye uso mwekundu, futi 8 kwa 4, kwenye daftari langu la 2021 nimeandika elfu 55, juzi hapa mtaa wa Unga Ltd nimeichukua elfu 78 na bado naambiwa kaka hiyo ni bei yako wewe mteja wa siku zote. Ya Mafinga, ile ya kwetu inayotoka Iringa, ya paini milimita hizo hizo ilikuwa elfu 42 sasa ni 56. Jiko moja la nyumba ya vyumba vitatu linakula shiti kama 14, kwaiyo hiyo elfu 23 iliyoongezeka kwenye shiti ya nje inageuka laki tatu na elfu ishirini na mbili, na hapo hujagusa bawaba, reli za droo, vanishi wala nauli ya kirikuu. Mteja anakuangalia kama vile umempandishia wewe.

Mi ni fundi seremala, nafanyia kazi Kwa Mrombo, na kilichonifanya nikae chini niandike ni kwamba watu huku Arusha na Moshi wanapigwa kwa neno moja tu, "ya nje". Mtu anakuja amekaza, fundi nataka ya nje sitaki hizo za Mafinga, anaongeza hela anarudi nyumbani ameridhika, na shiti aliyolipia zaidi inaweza kuwa mbovu kuliko ile aliyoikataa. Mi nimeshaacha kuuliza imetoka wapi, nauliza imegundishwa na gundi gani na katikati kuna nini, na mwenye duka asipojua napima mwenyewe.

Hiyo akili sikuwa nayo zamani. Kuna mama mmoja Moshi, Rau, nilimfungia kabati za jikoni, ya chini ya sinki nikaweka shiti ya nje iliyogongwa muhuri kabisa pembeni, MARINE, herufi kubwa, nikaamini. Haikupita miezi minane akanipigia, mwanangu njoo uangalie kabati lako, limevimba kama andazi. Nikapanda gari nikaenda. Aisee nilisikia vibaya. Bomba lilikuwa linavuja kidogo tu kwenye kiungio, maji ya kudondoka tone tone, wala hayakuwa mafuriko, ila ubao wa chini ulikuwa umefumuka tabaka tabaka, unaweza kupitisha kidole kati ya vinia na vinia (yale matabaka membamba ya mbao yanayogundishwa kuwa plaiwudi). Nikasema shikamoo mama, samahani, hili nalibeba mimi. Nikalibadilisha kwa hela yangu. Nikarudi duka lililoniuzia (silitaji, ni la Arusha) wakanionesha kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Basi.

Sasa ndugu zangu elewa hili la marini, maana ndo mtego wenyewe. Plaiwudi ya marini kwa maana yake halisi, ile ya kutengenezea boti, ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, inataka mbao nzuri mpaka katikati bila mashimo na gundi isiyoachia hata ukiichemsha. Kile sisi tunachokiita marini bodi mtaani ni ile yenye ngozi nyeusi au kahawia inayong'aa, ya kufungia zege. Ile ngozi ni karatasi iliyolowekwa gundi ya fenoli, inazuia zege lisishike, basi, kuhusu gundi ya ndani haikwambii kitu. Na muhuri wa MARINE kila mwenye mpira na wino anaweza kuugonga. Cha kuangalia ni kama imeandikwa WBP, hiyo ina maana gundi inahimili mvua na kuchemshwa, au MR, hiyo inahimili unyevu kidogo tu, ya ndani ya nyumba pakavu. Ila hata hayo maandishi nayo yanaandikwa na yule yule mwenye wino, ndo maana nikaamua kuchemsha.

Nilichofanya ni hiki. Nikakata vipande vya inchi mbili kwa mbili kutoka shiti tofauti, nikaandika namba kwa kisu maana kalamu inafutika, nikatia kwenye sufuria kuukuu la maji jiko la mkaa kuanzia asubuhi. Ile nyekundu ya nje ya elfu 78, dakika 25 hivi tabaka la kwanza likaachia, nusu saa ikawa kama kitabu kimeloa. Paini ya Mafinga ilinichanganya kidogo, kipande cha shiti moja kikakaa lisaa na nusu, cha shiti nyingine, duka lile lile, bei ile ile, kikafunguka dakika 15! Hapo ndo tatizo la za kwetu, hazifanani, mzigo wa mwezi huu mzuri wa mwezi ujao hovyo. Ya Mafinga ya mlingoti (hii mi nainunua elfu 64) ikaenda masaa matatu ndo kona ikaanza kufumuka. Na ile ya nje yenye ngozi ya kahawia, ya elfu 95, masaa manne haijatikisika, nikaianika usiku kucha, kesho yake nikaichemsha tena manne mengine, nzima. Kwaiyo siwezi kusema za nje zote mbovu, ntakuwa muongo, hiyo moja imenishika kabisa.

Tofauti yote hiyo ni gundi. Shiti nyingi za bei rahisi zinagundishwa kwa gundi ya urea, maji ya moto yanaivunja, mstari wake ukiangalia ubavuni ni mweupe mweupe. Ikiongezwa melamini inavumilia zaidi. Ya fenoli ndo mkubwa wao, mstari wake ni kahawia iliyoiva au mweusi. Ila msidanganywe na rangi peke yake maana kuna wanaotia rangi kwenye gundi ya urea ili ionekane nyeusi, sufuria ndo halidanganywi.

Na hapo hapo kwenye gundi ndo utaelewa kwa nini hata ya Mafinga inapanda. Watu wananiuliza, fundi, miti si yetu, dola inahusikaje? Miti ni yetu ndio, paini na milingoti ya Mufindi kule, Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, ila gundi kwa sehemu kubwa inatoka nje, na gundi ya urea inatengenezwa na urea hiyo hiyo ya mbolea. Mnakumbuka 2022 mbolea ilivyopanda mpaka serikali ikaleta ruzuku kwa wakulima, basi na gundi ilikuwa njia moja na mbolea, tofauti ni kwamba sisi wa plaiwudi hatukuwa na ruzuku. Mwaka huo huo dizeli ikavuka 3,000 kwa lita, na Mafinga mpaka Arusha kwa kupitia Dodoma ni zaidi ya kilomita 700, shiti iliyojaa maji maji ni nzito, unalipia uzito. Halafu mlingoti unagombaniwa, nguzo za umeme zinaondoka na miti iliyonyooka. Upande wa nje ni dola moja kwa moja, mwanzoni mwa 2023 ilikuwa chini kidogo ya shilingi 2,350, katikati ya 2024 ikawa imeshapita 2,600. Ilipokuja kushuka baadae, mi dukani sikuona shiti iliyoshuka. Hili linanikera kweli, ikipanda wanabandika bei asubuhi hiyo hiyo, ikishuka unaambiwa huu ni mzigo wa zamani.

Turudi kwenye shiti zenyewe. Ile nyekundu nyingi zinatoka China, ndani ni mpopla, mti laini mweupe mwepesi, juu wamebandika uso mwekundu mwembamba sana, wa sehemu ya milimita tu. Inapendeza ikiwa dukani. Ukiipiga msasa mara mbili uso unaondoka unaona gundi chini, hapo umeshaharibu na hamna vanishi ya kuficha. Skrubu za bawaba zinashika mwanzoni ila mlango ukiwa mzito baada ya mwaka unaanza kulegea. Af kitu kingine, inaandikwa 18, mi nimepima na kalipa napata 16.5, nyingine 16 kamili. Milimita mbili ni kidogo kwa kusema ila ukishachimba mfereji wa kuingiza ubao wa nyuma unaona kila kitu kinacheza. Sifa yake moja ya kweli ni kwamba imenyooka, imekauka vizuri kiwandani, ukiiweka mezani inalala.

Ya Mafinga ya paini ni kinyume chake. Uso una vifundo, una viraka, hupati ile sura ya kabati la picha ya simu, kwaiyo kama mteja anataka vanishi ya kuonesha mbao mwambie mapema, ukipaka rangi au ukibandika fomaika hamna shida. Skrubu inashika vizuri kuliko mpopla. Kilio changu ni unyevu. Viwanda vingi vinaanika vinia juani, msimu wa mvua haikauki wanagundisha hivyo hivyo, shiti inafika huku mbichi ndani, ukiikata ukafunga mlango, kiangazi cha Arusha kikaingia, mlango unapinda kama upinde. Nikishanunua nazilaza karakana wiki mbili, vibanzi vya mbao kati ya shiti na shiti hewa ipite, uzito juu, tangu nianze hivyo milango iliyonirudia ni miwili tu. Ya mlingoti ni ngumu na nzito, mpopla wa 18 unabeba peke yako, huu wa mlingoti nadhani unapita kilo 35, inataka watu wawili, na inakula meno ya msumeno. Kwa kitanda na meza naipenda kuliko zote hizi.

Ukienda dukani usiangalie uso, angalia ubavu. Hesabu vinia, kwa kawaida zinakuwa witiri, 18 nzuri inakuwa na 11 mpaka 13, ukikuta 7 nene nene ujue itapinda. Tafuta matundu kati ya vinia, ukiyaona ubavuni na katikati yapo, na siku unapiga skrubu hapo inazama kama kwenye mkate. Gonga na kiungo cha kidole ukitembea kutoka kona hadi kona, penye pengo sauti inabadilika inakuwa ya ngoma. Af nusa. Shiti inayokuwasha macho ukiifungua ina gesi ya fomaldehaidi nyingi inayotoka kwenye gundi, na hiyo sio harufu tu, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Alama za E zinaonesha gesi hiyo inatoka kiasi gani, ikiandikwa E1 ni afadhali, E2 inatoa zaidi, mi siitengenezei kitanda cha mtoto hata mteja akisisitiza, namtafutia nyingine.

Kuhusu duka ninalochukulia sasa hapo Unga Ltd, nawapa sifa zao. Shiti zao wamezilaza juu ya mbao, hazigusi sakafu, hawazisimamishi ukutani zikajikunja kama wale wa kwanza walioniuzia ile ya muhuri, ambao nao walikuwa wanaweka chini ya bati linalovuja, nilipaswa kuliona siku ile ile. Wanakuacha uchague moja moja bila kununa, risiti ya EFD wanatoa bila kuomba mara tatu, wana mashine ya kukatia, wanakata wima safi. Kasoro ni chalii wa kaunta, ukimuuliza gundi gani anakujibu "ni ya nje bro, original", na mzigo ukibadilika hawakwambii, bei inabaki ile ile kiwanda kimeshakuwa kingine. Moshi mjini nilipojaribu maduka mawili bei ilikuwa juu buku mbili hadi tatu kwa shiti na uchaguzi mdogo, kwa jiko zima bora kodi kirikuu kutoka Arusha.

Ninavyofanya sasa hivi kwenye jiko la shiti 14, mbili zinakuwa zile za ngozi ya kahawia, chini ya sinki na pale pembeni panapokaa ndoo za maji, kingo zote zilizokatwa nazipaka rangi ya mafuta mara mbili maana maji yanaingilia ubavuni hayaingilii usoni. Kumi na mbili zilizobaki paini ya Mafinga iliyolala wiki mbili. Jumla laki nane na sitini na mbili. Zote zingekuwa zile nyekundu ni milioni moja na elfu tisini na mbili, na chini ya sinki pangefumuka vile vile.

Yule mama wa Rau nilipita kwake mwezi uliopita, nikafungua kabati la sinki nikapitisha mkono chini ya bomba hadi kona ya nyuma. Pakavu, ubao umenyooka. Ana mdogo wake anajenga Moshono, amenipa jiko lake. Jumamosi naenda kuchukua shiti, na duka wameshakubali nikate kona ya kila mzigo niende nayo nyumbani Ijumaa usiku kabla sijalipa.