TAHADHARI: M816 za yule bwana wa Oklahoma ni changa la macho

Wakuu, hasa mlio kwenye foleni ya kununua M816, lile brekidauni la jeshi la Marekani, kwa kazi ya milimani: msitume hela. Yule bwana wa yadi ya Oklahoma, yule yule ambaye namba yake tumekuwa tukipokezana, ni tapeli. Na kinachouma zaidi ni kwamba katuingiza mkenge sisi tunaoshika spana kila siku. Dola 14,500 zimekwenda, gari limepandishwa juu ya magogo.

Nianze na ile asubuhi, maana ndipo tulipopigwa.

Tulipofika gari lilikuwa limeshawashwa. Mwezi wa pili, baridi ya kukata vidole, na ile injini ya Cummins NHC-250 inanguruma taratibu, moshi hakuna. "Nimewapashia moto injini msije mkateseka na baridi," akasema. Tukamshukuru! Akarudi nyuma mpaka kwenye lori bovu lililokuwa uani, akapitisha mnyororo kwenye bampa la mbele, akavuta levya. Bumu, yaani mkono wa kreni, likapanda. Magurudumu ya mbele ya lori yakaacha ardhi. Hapo hapo kijana wake akaja mbio amebeba ile miguu miwili ya chuma ya kuegemezea bumu, akapachika wa kushoto, akapachika wa kulia, pini, klipu. "Usalama kwanza," bosi wake akatuambia huku anacheka. Akatoa futi ya chuma mfukoni, akapima kutoka ardhini hadi chini ya tairi: inchi 26. Tukaingia ofisini kunywa kahawa. Dakika arobaini na tano baadaye tukatoka, akapima tena mbele ya macho yetu. Inchi 26. Kipimo kile ndicho kilichouza gari.

Sasa tazameni upumbavu wenyewe. Bumu la M816 linainua hadi pauni 20,000, lakini hapo limerudishwa ndani na jeki za pembeni zimekanyaga ardhi. Ukiburuta gari lililoning'inia nyuma, bumu linabeba pauni 7,000 tu, na ile miguu ya chuma iliwekwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Ikishapachikwa, uzito unashuka moja kwa moja kwenye chesisi na silinda za haidroliki zinapumzika. Mngeweza kuzifungua silinda zile mkazilaza mezani, lori lingebaki kwenye inchi 26 mpaka Pasaka. Tulikuwa tunapima uimara wa bomba la chuma tukidhani tunapima sili, ile mipira inayozuia oili isipenye kwenye silinda.

Mtasema tulikuwa vipofu. Tulimwamini kwa sababu kasoro alizitaja mwenyewe: kioo cha pembeni kimepasuka, sili ya habu ya nyuma kulia inavuja, taa moja haiwaki. Mtu akikutajia kasoro tatu ndogo unaona huyu ni mkweli. Alikuwa na kitabu cha jeshi, TM 9-2320-260-10, amekifunga kwenye nailoni na kukiwekea alama za karatasi, anajua kila kitu kiko ukurasa gani. Chini ya gari kulikuwa kukavu. Sakafu kavu kwenye gari la umri huo! Hilo tu lingetutosha kuuliza limeoshwa lini.

Gari lilipofunguliwa, bumu lilipandishwa likiwa na injini moja ya lori kwenye ndoano, bila miguu. Kwa oili baridi lilikaa. Haidroliki ilipozungushwa nusu saa ikapata joto, likaanza kushuka huku unalitazama. Sababu ilijitokeza kwenye tangi. Haidroliki ya kreni hii inatumia OE/HDO-10, yaani oili ya injini nyepesi ya namba 10. Iliyotoka mle ilikuwa inavutika kama asali, na inanuka ile harufu kali ya kiberiti ambayo kila aliyewahi kufungua difu anaijua. Tapeli kachanganya oili ya difu ili iwe nzito, isipenye haraka kwenye sili zilizokwisha. Asubuhi ya baridi inafanya kazi vizuri kabisa. Ikipata moto inakuwa maji. Na dawa hiyo ina sumu yake: pampu inashindwa kuivuta oili nzito ikiwa baridi, inameza hewa, inalia kama ina kokoto ndani. Kwa hiyo mbali na sili za silinda, pampu nayo imelika.

Mkikutana na hali hiyo msijaze oili safi juu ya chafu. Mwageni tangi, ondoeni filta, fungueni paipu za kurudi, jazeni namba 10, pandisheni na kushusha kila silinda hadi mwisho mara kadhaa bila mzigo, mwageni tena. Ndipo muweke filta mpya na oili ya kudumu. Paipu za mpira badilisheni zote kwa mkupuo. Ukibadilisha moja, presha inakwenda kupasua jirani yake wiki inayofuata, na ikipasuka bumu likiwa juu mnajua kinachofuata.

Winchi ya mbele ni kisa kingine, na hapa ndipo hasira yangu iko. Winchi hiyo ni ya pauni 20,000, inazungushwa na shafti kutoka PTO, kifaa cha kutolea nguvu kwenye giaboksi, na kwenye shafti kuna pini laini iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi. Pini ni ya senti chache. Ikikatika unaweka nyingine, unaongeza kapi, unavuta tena. Huyu bwana kaweka bolti badala ya pini, kisha akaipaka rangi ya kijani sawasawa na gari zima. Kwa kucha huoni kitu. Kwa ncha ya bisibisi rangi ilitoka, na kichwani mwa bolti ikatokea mistari sita: daraja la 8. Chuma hicho hakikatiki. Kinachokatika ni meno ya gia ya shaba ndani ya winchi. Kwenye yadi alivuta pikapu tupu kwenye saruji, hata mtoto angeivuta. Mzigo wa kwanza wa kweli, lori limezama mchangani hadi ekseli, winchi ikapiga kelele moja fupi na ngoma ikaanza kuzunguka yenyewe. Oili ya winchi ilipomwagwa kwenye karai ilikuwa inang'aa unga wa dhahabu. Ile ni gia. Na gia kuwa ya kwanza kufa pale ilikuwa bahati tu: isingekatika, waya ungeshika mzigo wote ule na kukatika, ungepita kwenye vichwa vya watu kama upanga.

Waya wa winchi ya nyuma nao ni kichekesho. Winchi ya nyuma ni ya pauni 45,000, na wengi hawajui kwamba nguvu hiyo ni ya tabaka la kwanza kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu linapunguza uvutaji. Tabaka la juu lilikuwa jipya, lina grisi, linapendeza. Mita kama kumi na tano chini yake kuna klipu tatu, na baada ya klipu ni waya wa zamani, umekauka, umeota kutu ndani kwenye kiini. Kawaida ni hii: nyuzi sita zilizokatika ndani ya msokoto mmoja wa waya, au tatu kwenye uzi mkuu mmoja, waya huo ni wa kutupa. Wetu ulikuwa na nyuzi nyingi mno, hatukumaliza kuhesabu. Kuunga waya wa winchi kwa klipu ni uuaji. Waya mpya wa inchi 3/4 wenye kiini cha chuma, daraja la EIP (chuma kilichoimarishwa zaidi), unakatika kwenye kama pauni 58,000. Kwa winchi ya 45,000 hapo huna nafasi kubwa ya kuchezea, sasa fikiria ulioungwa.

Breki sitazieleza sana maana mnazijua: M816 ni upepo unaosukuma haidroliki, mastasilinda moja, mzunguko mmoja. Paipu moja ikipasuka gurudumu lolote, huna breki ya mguu popote, umebaki na breki ya mkono ya kwenye shafti na tani 16 zinazoteremka. Jeshi lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, ya zambarau. Yeye kaongezea DOT 3, mafuta ya breki ya kawaida, juu yake. Hivi viwili havichanganyiki. Tulivuta kidogo kwa sindano tukaweka kwenye chupa ya kioo, yakajitenga tabaka mbili kama maji na mafuta ya taa. Ndani ya mfumo yanaleta uji unaoziba na mipira inavimba. Hapo hakuna njia ya mkato: fungua silinda zote za magurudumu, safisha paipu kwa spiriti, weka mipira mipya, anza upya na aina moja. Na mkiwa mmeshafungua, wekeni mastasilinda ya mizunguko miwili kabisa, mbele na nyuma mbalimbali. Gari linalofanya kazi kwenye mteremko halipaswi kuishi kwa paipu moja. Wenye uwezo wa kuongeza hela tafuteni M936, brekidauni la jeshi lililofuata baada ya hili, ile ina breki za upepo kamili na giaboksi otomatiki. Ila nayo ina sifa mbaya ya kufunga magurudumu na kupinduka kwenye lami iliyolowa, zile zilizowekewa ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, ndizo za kununua.

Matairi: tarehe iko upande mmoja tu wa tairi, tarakimu nne, wiki na mwaka. Yote kumi yalikuwa yamefungwa tarehe ikiangalia ndani. Yote kumi! Kwa kioo na tochi tukakuta mengine yana tarakimu tatu, maana yake yametengenezwa kabla ya mwaka 2000. Na rimu za pete msijaze upepo nje ya kizimba cha chuma cha usalama, hata kama fundi wa mtaani anakuambia amefanya hivyo miaka ishirini.

Huyu mtu hastahili kufungiwa yadi tu. Akamatwe, arudishe kila senti, alipie gia, waya, pampu na siku zote gari lilizolala. Malalamiko yamepelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, upande wa walaji, na kila aliyeuziwa na yeye apeleke yake, tusiachiane. Bolti ile pekee ni ya kumpeleka jela. Mtu anayejua ukurasa wa kitabu anajua pini ni ya nini! Angepaka rangi kwa kutojua ningesamehe. Kapaka kwa kujua. Adhabu yake ninayoitaka mimi ni moja: asimame chini ya bumu lake, oili ikiwa ya moto, bila miguu, anywe kahawa dakika arobaini na tano.

Haya, dalili, kwa haraka. Injini ya moto ukifika, geuka uende hotelini urudi kesho, useme asiiguse. Ikiwa baridi kabisa legeza nati ya kumwagia oili kabla haijawashwa: maji yanakaa chini, yatatoka kwanza, na kwenye injini hii mara nyingi ni sili za chini za laina. Bumu: bila miguu, haidroliki iwe imeshapata moto, chora mstari wa chaki kwenye rodi ya silinda pale inapoingilia, zima injini, dakika kumi, watu wote wakae mbali. Waya: uvutwe wote mpaka ibaki mizunguko mitano kwenye ngoma. Nusa oili. Kwangua rangi kwenye kila bolti ya shafti. Angalia betri: volti 24 inatoka kwenye betri za volti 12 zilizofuatanishwa, na ukikuta redio imenyonya kwenye betri moja tu jua moja itakuwa inakufa njaa na nyingine inachemka. Yeye alikuwa ameunga redio na taa za njano zote hivyo.

Na karatasi. Gari la jeshi la Marekani linalouzwa kwa raia linatoka na SF97, fomu ya serikali, ndiyo inayokupatia hati ya umiliki ya jimbo. Yeye alitoa risiti ya mkono, SF97 "iko njiani". Hadi leo iko njiani. Bila hiyo huna namba, huna bima, na hakuna kampuni itakayokuruhusu uguse gari la mteja wake.

Ameshaweka tangazo jipya, M816 nyingine, rangi mbichi, bei imeshuka dola elfu moja. Fungueni picha ya nne. Lori limening'inia nyuma, bumu liko juu, na ile miguu miwili ya chuma imeshapachikwa.