Diwali ya Greensleeves: albamu nzima biti moja na bado haichoshi

Kuna watu wakisikia albamu nzima ya dancehall, ule muziki wa kuchezeka wa Jamaika, imepigwa juu ya ridimu moja, yaani biti moja, wanasema huo ni uvivu wa prodyuza, hakuna ubunifu, nyimbo zote sawa. Jamani, kaeni na hii Diwali iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Greensleeves mwaka 2002, muisikilize bila kurukaruka, halafu ndo tuongee.

Biti kaitengeneza Steven Marsden, wanamwita Lenky, mpiga kinanda wa Jamaika aliyekuwa akipiga na mwimbaji Buju Banton. Alichofanya ni kuyaleta makofi mbele kabisa, yaani makofi ndo yanaongoza kila kitu, yanakuja kwa mpigo wa kukatakata hivi mpaka unajikuta na wewe unagonga meza, vyombo vingine vimepunguzwa vikabaki vichache na nafasi kibao imeachwa wazi. Jina ni la ile sikukuu ya taa ya Wahindu, hiyohiyo wanayosherehekea Wahindi wa Mombasa na Dar. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndo siri yote ya hii kazi kwa sababu sauti ya mwimbaji haina pa kujificha, ukija dhaifu unasikika dhaifu hapohapo.

Kwa ambao hawajui inavyokwenda: Jamaika prodyuza akishapika ridimu anaita wasanii tofauti, kila mmoja anaingia studio anaweka sauti yake juu ya biti ileile, zinatoka singo nyingi kwa mpigo, na kwenye dansi DJ anazipiga moja baada ya nyingine bila biti kukatika. Ni kama malumbano ya washairi wetu kwenye gazeti, mizani haibadiliki, vina vilevile, ila kila mtu anakuja na lake na msomaji anajua nani kashinda. Albamu kama hii inakupa dansi lile lote sehemu moja badala ya kuwinda sahani za santuri mojamoja.

Sasa sikiliza Wayne Wonder kwenye No Letting Go, anaimba taratibu, sauti laini, mapenzi matupu, makofi yale yale yanageuka kuwa kitu cha kubembeleza. Halafu nenda kwa Bounty Killer, Sufferer, aisee, biti ni ileile lakini huyu analia kuhusu kuzaliwa maskini na kukua maskini, sauti nzito ya ghetto ya Kingston, na ghafla makofi hayana sherehe tena. Kwangu huo ndo wimbo bora wa albamu nzima na sioni wa kuukaribia. Elephant Man yeye kaja na fujo zake za kawaida kwenye Elephant Message, Danny English na Egg Nog na Party Time yao wanakurudisha kwenye kucheza tu, poa sana.

Katikati inalegea, lazima niseme ukweli. Kuna nyimbo kadhaa zinafuatana zikisema mambo yaleyale ya madem na pati na mashairi hayana uzito, zingepunguzwa chache albamu ingekuwa kali zaidi. Hapo ruhusa kuruka.

Na kama bado una shaka na nguvu ya hii biti, angalia mwaka 2003. Get Busy ya Sean Paul, ridimu hii hii, ilifika namba 1 Marekani kwenye Billboard Hot 100, ile chati yao kuu ya nyimbo, No Letting Go ikafika namba 11, Lumidee naye akachukua biti hiyo hiyo akafika namba 3 na Never Leave You. Wasanii watatu, biti moja, mwaka mmoja! Huku kwetu matatu za Nairobi zilikuwa haziachi kuzipiga na mpaka leo DJ wa rege akitaka kuamsha watu saa saba usiku anaweka yale makofi tu, hata kabla sauti haijaingia ukumbi mzima ushapiga kelele.

Usiisikilize kwa spika ya simu tafadhali, makofi yanakuwa makali na chini kunapotea kabisa, tafuta spika yenye besi au hedifoni nzuri.

Ukiipenda rudi nyuma utafute Yamaha Skank ya Rupie Edwards ya 1974, hiyo wengi wanaihesabu kuwa albamu ya kwanza ya ridimu moja, halafu Sleng Teng ya King Jammy ya 1985 iliyotokana na kinanda kidogo cha Casio. Ila kama muda ni mchache anza na Diwali, weka Sufferer na No Letting Go zifuatane, sauti juu.