Kariloni ya Exhibition Place, Toronto: ala nzuri, uwanja wa kelele

Mtu wa Mombasa akijaliwa kufika Toronto, asiupite mnara wa kengele ulio ndani ya uwanja wa Exhibition Place. Una kengele 50, tangu 1974. Kengeleni, kwetu Mombasa, kengele ni moja, na kazi yake ilikuwa kutoa onyo. Hii ya Toronto ni ala kamili ya muziki, kariloni: kengele nyingi zinazopigwa kwa kinanda. Chini ya kengele 23 haiitwi kariloni.

Kengele hazibembei. Zimefungwa imara, kinachotembea ni ulimi tu, yaani chuma kinachogonga kengele kwa ndani, ukivutwa na waya kutoka kwenye kinanda cha fimbo za mbao. Mpigaji hushusha fimbo kwa ngumi iliyolegea, upande wa kidole cha mwisho; kengele kubwa huzikanyagia kwa miguu. Uzito wa mkono ndio unaoamua mlio uwe mwororo au mkali, na hapo ndipo kariloni ya mkono inapoishinda ya mota, inayogonga kila noti kwa nguvu ileile.

Tatizo ni mahali. Siku za maonyesho ya Agosti, pembea za mashine na spika za vibanda humeza kengele ndogo. Wala usisimame chini ya mnara, utasikia mgongano wa vyuma kuliko wimbo. Rudi nyuma hadi uone kilele bila kukunja shingo. Nyimbo za haraka hazipendezi: hakuna cha kuzima mlio, noti hupandana.

Je, kariloni ingefaa uwanja wa maonyesho wa Mkomani, Mombasa? Ingefaa, ikitunzwa. Kengele zenyewe, shaba takriban sehemu 4 kwa bati sehemu 1, hustahimili hewa ya chumvi. Hubadilika rangi tu. Kinacholiwa ni nyaya, springi na boliti, kwa hiyo viwe vya chuma cha pua. Waya nao hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Ukifupika, ulimi huegemea kengele na mlio hukatika. Ukirefuka, pigo hupwaya. Ndiyo maana mpigaji hurekebisha skrubu za nyaya kabla ya kila onyesho. Ndimi huchakaa zikawa bapa, sauti ikawa kali, mpaka zigeuzwe au zipigwe tupa. Na kwa kunguru wetu, wavu ni lazima tangu siku ya kwanza.